Viti Kumi na Kimoja

Hvamdrup, 19 Septemba 1961

Kaka yangu Eskild,

Nakusalimu kutoka jikoni, mahali pekee penye joto katika nyumba hii. Sisi wazima, au tuseme tunapumua. Mzee Laurits, baba mkwe wangu, kikohozi kimempungua lakini akili inakuja na kuondoka. Jana aliniita kwa jina la marehemu mkewe akaniagiza nimletee buti. Kuku wamegoma kutaga. Mitofaa imezaa mpaka matawi yanaburura chini na hakuna wa kuchuma matofaa. Natumaini huko Grinlandi hujaganda, na kwamba hao maseremala wenzako wanakupikia kitu zaidi ya samaki.

Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Simu ya hapa unaijua: ukiinua mkono wa simu, Petra wa kituo cha simu naye ameinua wake, na kabla hujakata, habari imeshafika kwa mwokaji mikate.

Jumapili Solvej alitimiza miaka minane. Ni siku yake ya kwanza ya kuzaliwa tangu baba yake afe, nikasema lazima iwe siku kweli. Desturi yetu ni darasa zima au hualiki mtu, basi tukaalika darasa zima, watoto kumi na mmoja. Solvej alichora kadi mwenyewe, akazipeleka kwa mkono. Wote walikubali. Hata Birthe, binti wa Kresten mhunzi, alikubali! Hilo ndilo lililonipa moyo. Tangu lori la maziwa lipinduke mwezi wa pili, likamuua Villy wangu na kumpotezea Kresten mguu, nyumba hizi mbili hazijakaa meza moja.

Saa mbili asubuhi nilipandisha bendera bustanini mpaka juu kabisa, kama Villy alivyokuwa akifanya kila siku ya kuzaliwa. Kisha sikutoka tena jikoni. Nilioka mikate midogo ya sukari, nikachemsha chokoleti, nikapiga krimu mpaka mkono ukafa ganzi. Nilitengeneza keki ya mtu, mrefu kama meza, macho ya pipi nyeusi na vifungo vya karanga. Viti nilikuwa nimeshaviazima tangu Jumamosi kutoka ukumbi wa kijiji.

Saa nane, hakuna mtu. Saa nane na robo, nikasikia gari linapunguza mwendo langoni. Nikavua aproni. Gari likaondoka. Likaja jingine, likasimama kidogo, nalo likaondoka. Zikapita na baiskeli. Walikuwa wanachungulia, Eskild! Kila mmoja alikuja kuhakikisha kwamba mwenzake naye hajaingia.

Solvej alikaa mwisho wa meza na gauni lake la njano, viti kumi na kimoja vitupu mbele yake. Saa tisa na nusu nikamwambia, "Kata keki, mwanangu." Akaweka kisu kwenye shingo ya yule mtu wa keki, akasubiri. Akaniuliza, "Nani atapiga kelele?" Maana unajua, shingo ikikatwa watoto wote lazima wapige mayowe, la sivyo haijakatwa. Nikamwambia, "Mimi na babu." Nikafungua mdomo. Haikutoka hata sauti ya paka. Akaweka kisu chini.

Nikamwambia akateremshe bendera kabla jua halijatua, nami nikakunja viti. Hakulia. Ningefurahi kama angelia.

Sasa niambie wewe, kwa sababu hapa sina wa kumuuliza. Wanasema Villy alikuwa amelewa? Wanamlaumu kwa mguu wa Kresten? Ulipanda naye lori lile kila asubuhi miaka miwili, isipokuwa asubuhi ile moja. Na wiki tatu baada ya maziko ukaondoka kama mtu anayefukuzwa. Ulisikia nini ambacho hukuniambia?

Dada yako,
Dagny


Grinlandi, 30 Oktoba 1961

Dagny, dada mpendwa,

Pokea salamu za mtu mwenye ndevu zilizoganda. Barua yako imefika leo na meli ya mwisho kabla bahari haijaganda, na hii inaondoka nayo saa moja ijayo, kwa hiyo usinihukumu kwa mwandiko. Mimi sijambo. Mbwa wa hapa wamekula mkanda wangu, naishikilia suruali kwa kamba. Tunajenga shule. Madirisha yaliyoletwa ni makubwa kuliko matundu yake, na bwana mkubwa anasema eti matundu ndiyo yamekosea. Mpe mzee Laurits salamu, na hizo buti mletee tu, zinakugharimu nini?

Nilisoma habari ya Solvej nimesimama gatini, nikarudia mara ya pili, nikakaa juu ya pipa. Mtoto yule! Nilimbeba begani siku ya maziko.

Nisikilize. Watoto kumi na mmoja hawaugui siku moja. Na kususa? Hvamdrup? Watu wale walibishana mwaka mzima juu ya rangi ya mlango wa ukumbi, leo waweze kupanga njama ya siri na pasiwe na hata mmoja wa kuropoka? Siamini. Kuna kitu hapo. Nenda kwa Ninna, mke wa Kresten, gonga mlango, sema, "Ninna, mbona hamkuja?" Maneno matatu tu.

Najua utasema nini. Mama alitufundisha kwamba mgeni asiyekuja haulizwi sababu, kwa kuwa ukimuuliza unamlazimisha aidha akudanganye au akuumize. Mama huyohuyo alitufundisha kwamba kuoga wakati wa baridi kunaleta pumu. Uliza, dada.

Kuhusu asubuhi ile: nilichelewa kuamka. Basi. Villy hakuwa amelewa. Barabara ilikuwa barafu tupu.

Meli inapiga honi.

Kaka yako,
Eskild


Hvamdrup, 26 Novemba 1961

Eskild,

Salamu. Barua yako nimeipata. Babu hajambo, buti nimemletea, anazivaa kitandani. Theluji imeanguka mara mbili. Kuku nimewauza.

Unanipa ushauri kutoka upande wa pili wa dunia, na swali langu unalijibu kwa mistari miwili. "Nilichelewa kuamka. Basi." Wewe unayeniandikia nusu ukurasa juu ya madirisha!

Sikumuuliza Ninna. Lakini nilikutana naye dukani wiki ile ya sherehe, na kwa kuwa unapenda kujua, nakuandikia neno kwa neno. Alinishika mkono mbele ya mizani akasema, "Tulielewa, Dagny. Lakini ungeweza kutuambia kwa mdomo." Nikamwambia, "Nanyi mngeweza kutuambia kwa mdomo." Akauachia mkono wangu kama umemchoma. Nini walichoelewa? Kwamba mjane wa Villy hana haya, anathubutu kupika chokoleti na kualika watu wakati mwenzake hana mguu? Hiyo ndiyo adabu yao. Wananikosea halafu wananidai maelezo.

Jumatatu baada ya sherehe, Birthe alimpa Solvej kisanduku cha penseli shuleni, kimefungwa kwa utepe. Nilikirudisha na utepe wake. Asiyeketi mezani kwangu asiniletee zawadi mlango wa nyuma. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyemwalika Solvej popote. Zimepita sherehe tatu. Darasa zima au hualiki mtu, eti. Sasa ni darasa zima kasoro mmoja.

Mwalimu wake, Bi Holm, alikuja hapa akanywa kahawa yangu bila kunitazama. Anasema Solvej hasemi kitu shuleni. Hajibu hata akiulizwa mbili na mbili. Nyumbani husema "ndiyo mama" na "hapana mama". Nikianza kuwasema hao watu, na nawasema, Eskild, nawasema kila siku maana moyo unanichemka, yeye huondoka akaenda kusimama kwenye dirisha la ghala, linalotazama kanisani. Juzi aliniuliza, "Mama, kule makaburini mtu anaweza kuona bendera yetu?" Nikamwambia wafu hawaoni kitu. Sijui kwa nini nilimjibu vile. Mtoto wa watu amebaki mifupa.

Hata babu. Siku ile ya sherehe, ametoka chooni nje, ananiingilia jikoni mikono yangu imejaa krimu, ananiuliza, "Nani amekufa leo?" Nikamwambia, "Hakuna, baba, ni siku ya Solvej." Akatikisa kichwa kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Nyumba yenyewe hii imeoza, kila mtu ndani yake ana wazimu wake.

Nimeamua. Nauza. Kuna mtu wa mjini anaitaka nyumba, tunatia sahihi Alhamisi tarehe mosi Februari. Mimi na Solvej tutakwenda Kopenhagen, kuna kiwanda cha biskuti kinachochukua wanawake. Babu nimemwombea nafasi katika nyumba ya wazee. Kila asubuhi ananiuliza kama tutahama kwa lori la maziwa.

Usiniambie niuze wala nisiuze. Kuna siku naketi kitandani kuvaa soksi, na Solvej anarudi kutoka shuleni ananikuta na soksi ileile mkononi. Siwezi tena kuishi mahali ambapo watu husimamisha gari langoni kwangu kisha wakaondoka.

Dagny


SIMU YA MAANDISHI
Kutoka Grinlandi, 20 Januari 1962
Kwa Dagny, Hvamdrup

USITIE SAHIHI. NADHANI SOLVEJ ALIISHUSHA BENDERA NUSU MLINGOTI KWA AJILI YA BABA YAKE. WAGENI WALIDHANI KUNA MSIBA. MUULIZE MTOTO POLEPOLE. ESKILD


Grinlandi, 20 Januari 1962

Dada yangu Dagny,

Sina salamu za madaha leo. Mimi mzima. Barua yako ilikaa wiki nyingi ikingoja barafu ikaze, imefika jana kwa sleji inayovutwa na mbwa. Simu ya maandishi nimeituma asubuhi hii. Najua Petra ataisoma kabla yako. Na asome. Barua hii itakufikia Machi, wakati huo utakuwa umeshauza au hujauza, lakini naandika kwa sababu nisipoandika leo sitaandika kamwe.

Babu Laurits hana wazimu. Alitoka nje, akaona bendera nusu mlingoti, akauliza nani amekufa, kama mtu yeyote mwenye akili katika nchi yetu angeuliza. Wewe uliipandisha juu ukaingia jikoni, na kutoka jikoni kwako mlingoti hauonekani, unaonekana bustanini na barabarani tu. Dagny, fikiria watu wale na magari yao, watoto nyuma na zawadi mapajani. Wanafika langoni wanaona hivyo. Nani angeingia kupiga mayowe juu ya keki katika nyumba yenye maiti? Walijua mzee ni mgonjwa. Waligeuza magari kwa adabu. Na wewe, kwa adabu, hukuwauliza. Na walipojua baadaye kwamba mzee yu hai, nadhani wakawaza kwamba uliifanya makusudi ili wasiingie, nao hawakukuuliza, kwa adabu hiyohiyo.

Najuaje kwamba ni Solvej? Kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Siku tulipomzika Villy tuliipandisha bendera pamoja, juu kabisa kwanza, halafu chini hadi nusu. Akaniuliza inasaidia nini. Ningeweza kumwambia ni desturi tu. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho yale, nikamwambia, "Ikikaa hapa, baba huko aliko anajua kwamba tunamkumbuka."

Sasa lile swali lako. Sikuchelewa kuamka. Nilikuwa macho, nimevaa hadi kofia. Villy alipiga honi nje nikamwambia dirishani, "Leo sijisikii, nenda." Nilikuwa mvivu tu, Dagny, kulikuwa na baridi. Kresten alikuwa anapita kwa miguu, akapanda. Kiti kile kilikuwa changu. Mguu ule ulipaswa kuwa wangu. Na kama ningekuwepo, mimi niliyezoea kumwambia Villy "punguza mwendo kwenye kona ya kinu", labda leo ungekuwa na mume. Sikuweza kupita mbele ya karakana ya mhunzi. Ndiyo maana nilikuja huku kujenga shule ya watoto wa watu wengine, nikamwacha wa kwetu.

Nimesema. Ukitaka usiniandikie tena, nitaelewa.

Eskild


Hvamdrup, 28 Januari 1962

Kaka Eskild,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa Solvej, na kutoka kwa babu na buti zake. Tumeamka wazima, na leo naweza kuliandika neno hilo bila kujicheka. Theluji imefika kwenye madirisha.

Simu yako ilifika Jumatatu. Petra hakunisomea kwa simu kama kawaida yake. Alikuja mwenyewe, ameikokota baiskeli kwenye theluji, pua nyekundu, karatasi ameificha kifuani. Alilia kabla hajanikabidhi. Njiani alikuwa ameshapita nyumba tatu, na mara hii Mungu aubariki ulimi wake.

Nilimngoja Solvej atoke shule. Nilijaribu kuwa mpole kama ulivyosema. Nikamwambia, "Mjomba anauliza kuhusu bendera." Akawa mweupe kama ukuta. Akasema, "Nilitaka na baba awemo." Halafu akasema, "Niliyaona magari yanarudi, mama. Nilikuwa dirishani. Nikajua ni mimi. Nilitaka kukimbia nikaipandishe, lakini ukasema nikae kwenye kiti changu nisichafue gauni."

Miezi minne, Eskild. Miezi minne nimekaa mezani nikiwalaani watu mbele ya mtoto huyu, nikisema aliyetufanyia hivi hana moyo, aliyetufanyia hivi Mungu atamwona. Na kila neno lilikuwa linamwangukia yeye. Alidhani nikijua nitamchukia. Nilimshika, nikamwomba msamaha nimepiga magoti, jikoni pale, na yeye ndiye aliyekuwa ananipangusa uso kwa sketi yake. Sijui kama nitajisamehe. Soma hilo mara moja tu, usinirudishie kwenye barua.

Jioni hiyo hiyo mlango ukagongwa. Kresten na Ninna. Kresten ana mguu wa mbao sasa, unalia kwenye sakafu kama bawaba kavu. Hakuketi. Aliongea akiwa amesimama na kofia mkononi.

"Tulifika mpaka langoni," akasema. "Nilikuwa nimeapa siku ile nitaingia. Nikaiona bendera, nikasema mzee ameondoka, tusiwasumbue. Jumatatu nikamwona mzee dirishani anakula tofaa."

"Ukadhani nini?" nikamuuliza. Ona, nimeuliza!

"Nikadhani ni kwa ajili yangu. Kwamba unaniambia, Kresten, wewe unamleta mwanao kwenye sherehe na mguu mmoja, na mume wangu hatamleta mtu popote. Nikaona una haki."

Ninna akasema, "Nilimwambia aje akuulize. Mbishi kama nyundo yake."

"Na wewe mbona hukuja?" Kresten akamwambia.

"Mimi? Mwanamke aliyenirudishia zawadi na utepe wake?"

Tukacheka, tukalia, kahawa ikafurika jikoni. Ndipo Kresten akaniuliza habari zako. Nikamwambia hunijibu juu ya asubuhi ile, unasema ulichelewa kuamka. Akasema, "Hakuchelewa. Nilimwona dirishani amevaa kofia." Kisha akasema maneno haya, na kaniambia niyaandike sawasawa: "Mwambie kile kiti nilikiomba mwenyewe. Nilikuwa na miguu miwili na uvivu wa kutembea. Hakuna aliyenipa chake."

Kwa hiyo hicho ndicho ulichokikimbia mpaka kwenye barafu, mjinga wewe! Umelifumbua fumbo langu kutoka upande wa pili wa dunia, la kwako likakushinda. Nina hasira nawe. Ukirudi nitakupiga kofi kwanza, ndipo nikupe kahawa. Villy alikwenda mbio kwenye kona ile hata ulipokuwemo. Nilipanda naye mara moja tu maishani, nikatosheka.

Alhamisi sitakwenda kutia sahihi. Yule mtu wa mjini nimeshamwambia, kwa simu, na Petra akapiga makofi kwenye waya.

Leo mchana tumefanya sherehe. Si siku yake, na theluji imejaa, lakini Ninna alisema mwaliko ambao haukuliwa haujaisha. Wamekuja wote kumi na mmoja, na kisanduku cha penseli kikarudi. Solvej alipandisha bendera mwenyewe. Mimi nilivaa buti za babu nikatoka hadi barabarani nikaitazama, nikasimama pale mpaka masikio yakaganda. Ilikuwa juu.

Keki ya mtu nikaitengeneza tena. Akaweka kisu shingoni, akawatazama wenzake mmoja mmoja. Walipiga mayowe, Eskild, mpaka vikombe vikalia kabatini. Yeye ndiye aliyepiga makubwa kuliko wote. Sauti niliyokuwa nimeanza kuisahau. Babu akatoka chumbani ameshtuka, akauliza, "Nani amekufa?"

"Keki tu, babu," Solvej akamwambia. "Njoo ule."

Akala mguu.

Barua yako bado iko njiani huko kwenye barafu. Nitaisoma ikifika. Chochote kilichomo, nimeshakijibu.

Dada yako,
Dagny

Mjomba, ni mimi Solvej. Nimeiteremsha kabla jua halijatua. Nilianzia juu kabisa. Leo sikuisimamisha katikati, kwa sababu Kresten amesema baba anaiona hata ikiwa juu. Je, ni kweli? Njoo unijibu.